Karani wa Majani Mabichi

Miaka kumi na tisa nilikaa kituo cha Mpuguso,
kibanda cha mabati, mizani ikining'inia kwenye boriti,
mvua ya Tukuyu ikigonga paa kama mdai.
Nilihesabu. Ndiyo kazi niliyoijua.
Kikapu kikipanda, mshale ukitetemeka,
ukisema kumi na tatu, mimi nasema kumi na mbili.
Kilo moja tu. Ni maji hayo, niliwaambia, majani yameloa.
Na nani Rungwe nzima atabisha kwamba majani yameloa?

Tupokigwe alipanda kutoka bondeni,
mtoto mgongoni, matope hadi magotini.
Hakuutazama mshale. Alinitazama mimi.
"Umeandika, baba?"
"Nimeandika."
Akashukuru.
Fedha zile zilikwisha zamani; asante yake haijaisha.

Nilipostaafu nikanunua daftari jipya,
nikalipiga mstari katikati:
kushoto vikapu, kulia wema.
Nilichangia mnara wa kengele, nikaandika.
Nilipeleka mkungu wa kwanza madhabahuni, nikaandika.
Nililipa ada ya yatima wa Lwangwa, miaka minne,
nikaandika, nikapigia mstari.
Usiku, chemli ikifuka, najumlisha,
na upande wa kushoto haupungui hata kilo.
Ningewezaje? Mizani niliyopimia wema wangu
ilikuwa ile ile,
na karani yule yule.

Kisha Jumapili moja ya Juni,
ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa kanisa,
Mchungaji Anyelwisye akasimulia habari za mzee aliyehama Uru,
mzee asiye na cha kuweka kwenye mizani
isipokuwa kumwamini aliyemwita;
na kwa hilo, akasema, alihesabiwa haki.

Alihesabiwa!
Nilishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake gizani.
Neno langu hilo, neno la kibandani,
lenye harufu ya wino na magunia mabichi.
Hakusema alistahili. Hakusema alilipa.
Basi yuko Karani mwingine,
naye amekiona kikapu changu, kimetoboka kitako,
akaandika mbele ya jina langu
uzito wa kikapu cha Mwanawe.

Nilibisha moyoni, ukarani haufi upesi:
huo nao ni wizi, kuandika kingi palipo na sifuri!
Lakini mimi niliandika pungufu nikashiba;
huyu aliandika zaidi, na pengo
akalifidia mwenyewe, kwa damu.
Nikakaa kimya kwenye benchi.
Sikuwa na la kuongeza.
Labda imani ni hiyo tu:
kikapu kitupu kugeuzwa mdomo juu.

Jumatatu niliteremka bondeni na bahasha.
Sikubeba daftari.
Tupokigwe, mzee sasa, alikuwa akipukuchua maharage.
Nikamweleza yote, kilo kwa kilo, nimesimama.
Hakuinua kichwa.
"Nilijua, Gwakisa. Tangu mwaka wa pili.
Unadhani majani yangu yaliloweshwa na mvua peke yake?
Kila asubuhi niliyapitisha mtoni kwanza."

Tulitazamana.
Yeye ndiye aliyeanza kucheka,
mpaka kuku wakatawanyika, mpaka maharage yakamwagika,
wadeni wawili hatuna hata mmoja wa kumhukumu mwenzake.
Kisha akafuta macho kwa pembe ya kitenge.
"Ila bahasha nipe," akasema.
Nikampa.

Gwakisa, kwa lugha ya mama yangu, ni mtu wa rehema.
Miaka sabini nimelibeba jina hilo
kama kibao cha duka lisilo na bidhaa.

Jioni ile nililipeleka daftari jikoni.
Lilikuwa limenyonya ukungu, halikutaka kushika moto;
lilifuka tu, likanitoa machozi,
na mke wangu akauliza kutoka chumbani
ni nini hicho ninachochoma
kisichotaka kuungua.